Dada, Umesema Redioni Kwamba Ulikimbia Peke Yako

Dada yangu Odilia,

Shikamoo. Najua ukifika hapa utaitika marahaba kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni kwako Nyamahanga, kwa sababu siku hizi wewe ni mtu wa kuitika kwa sauti. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe ndiye unayeongea, mimi kazi yangu ni "eeh" na "kumbe" mpaka salio liishe. Ndiyo maana nimeandika. Na barua hii nimeiacha wazi, aisome yeyote anayetaka, kwa kuwa na wewe uliyatoa mambo yetu hadharani bila kuniuliza.

Nazungumzia kile kipindi cha redio. Nilikuwa nimekaa nje nachambua maharage, Mama Deo wa jirani akapiga kelele kutoka uani kwake, "Mama Editha! Fungua redio, dada yako huyo anaongea!" Nikafungua. Kweli ulikuwa wewe. Mtangazaji anakuita "mwezeshaji wetu", anakuuliza mwanamke mwenye wasiwasi afanye nini ili aweze kusimama mbele ya watu, na wewe unamjibu taratibu, hujikwai, unacheka pale panapotakiwa kucheka. Baba Editha alikuwa ananoa panga, akaacha kunoa. Nilimtazama akikusikiliza, na moyo wangu ukachemka kama uji ulioachwa motoni.

Halafu ukatoa mfano. Ulisema, "Nilipokuwa mdogo kule Ngara nilikuwa mwoga kuliko watoto wote. Siku ya wageni shuleni nilitakiwa kutoa shairi, nikakimbia, nikajificha kwenye mibuni mpaka wageni wakaondoka."

Nilitakiwa. Nikakimbia. Nikajificha. Nilisubiri niisikie "tu" hata mara moja, haikuja.

Dada, tulikuwa wawili kwenye ile mibuni. Tena halikuwa shairi, ilikuwa ngonjera, na ngonjera haisemwi na mtu mmoja. Wewe ulikuwa mkulima na mimi nilikuwa mwanafunzi. Tulifanya mazoezi wiki nzima njiani kwenda kuteka maji, na hatukukosea hata neno, maana waliotusikia walikuwa mbuzi wa baba mdogo. Siku yenyewe tulipouona ule umati, na wageni wamekaa kwenye viti vya ofisini, ulinishika mkono ukaniambia, "Vene, mimi siwezi." Nikakujibu, "Hata mimi." Tukaondoka tumeshikana mikono, tukapita nyuma ya vyoo, tukashuka mpaka kwenye mibuni. Tulilala kifudifudi. Sisimizi wakatuuma. Kutoka kule tulimsikia mwalimu akitutaja majina yote mawili. Wewe ulianza kucheka, nikakuziba mdomo, halafu nikaanza mimi.

Jioni mama, Mungu amrehemu, alituchapa sote kwa fimbo ileile, na wewe ulilia kwa ajili yangu na mimi nililia kwa ajili yako. Hilo hukulisema redioni.

Unakumbuka lile duka la pale njia panda? Mama alikuwa anatutuma chumvi. Tukifika dukani tunasimama pembeni ya mlango, watu wananunua, wanaondoka, wengine wanakuja, sisi tumesimama tu. "Sema wewe." "Sema wewe, wewe ndiye mkubwa." "Wewe ndiye uliyeambiwa." Mwenye duka alikuwa hatuoni au anafanya makusudi, sijui. Mara nyingi tulirudi mikono mitupu tukasema chumvi imeisha. Mama akawa anatutazama mmoja mmoja. "Nimezaa watoto wasiokuwa na midomo?" Nakwambia ukweli, mimi maneno yale hayakuniumiza. Tulikuwa hatuna midomo wote wawili. Ukiwa huna kitu pamoja na dada yako, huoni kama umepungukiwa.

Ndiyo maana ulipobadilika niliona umenitoroka.

Uliolewa Biharamulo, huko Nyamahanga. Tulikusindikiza mpaka kwenye gari, mimi nikabaki nalia barabarani kama mtoto, nikijiuliza nani atakusemea huko. Nilikuwa nakuhurumia. Nilisema huyu ataenda kwa watu asiowajua, huku Kisubi, huku Kizinza, huku Kisukuma, wakwe wengi, atakufa kwa woga. Ukakaa. Ukazaa. Uliporudi kumzika bibi, nilimwona mwanamke anashuka kwenye pikipiki anasalimia wazee mmoja mmoja kwa majina, anauliza habari za mgonjwa wa huyu na mtihani wa mtoto wa yule. Nikadhani ni mgeni wa ukoo wa mume wako. Kumbe ni wewe.

Kule matangani ulisimama ukatoa shukrani kwa niaba ya wajukuu. Hakuna aliyekutuma. Watu wakanong'ona, "Huyu ndiye yule Odilia?" Na baada ya hapo, kila aliyenipita alinipa mkono akasema, "Dada yako bwana!" Nikawa natabasamu mpaka mashavu yanauma. Jioni nilikuuliza, tukiwa tunaosha vyombo, "Umefanyaje?" Ukacheka ukasema, "Ni mazoezi tu, mdogo wangu." Basi. Mazoezi gani, na nani, wapi, hukusema. Nikaona una dawa umeificha kwenye pindo la kanga.

Nimekuonea wivu sana tangu siku hiyo. Nyumba yako ya bati sikuionea wivu. Hata mume wako anayekupeleka kila mahali kwa pikipiki sikumwonea wivu sana. Nilikuonea wivu kwa sababu ulikwenda mahali ambapo hakuna anayejua kwamba wewe ni mwoga. Wewe ulifika Nyamahanga mtupu kama shamba jipya, ukapanda unachotaka. Mimi nimebaki hapahapa, ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza anajua Mama Editha haongei. Nikitaka kusema neno mkutanoni, kabla sijafungua mdomo watu wameshanionea huruma. Mtu akikuonea huruma mapema namna hiyo, sauti inarudi tumboni yenyewe.

Hata hivyo ningeendelea hivyohivyo mpaka kufa, kama si suala la Editha kuolewa.

Unajua alivyokuja kuniambia? Alikuja na uso wa kubembeleza, akakaa kwenye kigoda pembeni yangu, akaanza kunisaidia kumenya ndizi, jambo ambalo halijafanyika tangu amalize chuo. "Mama, kwenye sendofu, siku mtakayoniaga, kuna sehemu ya mama mzazi kutoa neno."

"Najua."

"Nimemwomba mama mkubwa aseme kwa niaba yako. Amekubali. Sitaki siku ile upate shida, mama. Nakujua."

Nikamwambia, "Sawa, mwanangu." Alinikumbatia akaenda zake, mwepesi kabisa, kama mtu aliyetua mzigo. Mimi nikaendelea kumenya. Nilimenya mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Baba Editha akaja akasimama mlangoni.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Mbona unamenya ndizi za kulisha parokia nzima?"

Nikavuta mkungu mwingine. Nilikuwa nafikiria kwamba yule mtoto nimembeba mimi. Nimeamka naye akiwa na degedege, nimemsuka, nimemfundisha kusali. Na siku moja tu ambayo mama anapewa nafasi asimame aonekane kuwa ndiye mama, anaitwa Odilia kutoka Biharamulo. Ulikuwa umechukua ngonjera yetu. Sasa unachukua na mtoto wangu. Dada, wivu ule haukuwa wa kichwani. Niliusikia kwenye meno.

Kabla sijafanya chochote nilikwenda kwanza zahanati, kwa sababu kila nikiwaza ile siku, hata kama si mimi wa kusema, moyo ulikuwa unakimbia, mikono inakufa ganzi, pumzi inakuwa fupi. Nilijua nina ugonjwa wa moyo. Muuguzi, dada mmoja mpole, alinipima, akasikiliza kifua, akaniambia, "Mama, moyo wako mzima. Huu ni wasiwasi. Mwili unadhani kuna chui, na chui hayupo." Akaniuliza kama kuna jambo linanisumbua. Nikasema hapana. Ningeanzaje kumweleza mtu aliyevaa sare nyeupe kwamba chui wangu ni dada yangu?

Basi nikaanza kusikiliza kile kipindi chako. Kila Alhamisi. Nilijifunza kwako kama mwizi anayechungulia dirishani. Mama Deo akija nazima redio, nasema betri zimeisha. Ulikuwa unasema akili ya mtu ni kama ndama: imezoea njia moja, ukiiacha inarudi palepale, na haifundishwi kwa fimbo, unairudisha tu, kesho unairudisha tena. Ulisema ukitoa pumzi iwe ndefu kuliko ile uliyovuta. Ulisema woga ukikuambia "watakucheka", usibishane nao, uulize, "Halafu?" Watacheka, halafu? Watakwenda nyumbani kula. Ulisema mtu asianze na jambo kubwa, aanze na lile dogo linalomtetemesha kidogo tu. Nilikuwa nakuchukia na kukutii kwa wakati mmoja.

Nikaanza na bomba la maji. Kwa miaka yote nimekuwa nafika pale, nasalimia chini chini, nakinga, naondoka. Asubuhi moja nikasema kwa sauti, "Hamjambo nyote!" Wanawake wakageuka kama vile bomba lenyewe ndilo limesalimia. "Hatujambo, Mama Editha. Kuna nini, kuna msiba?" Nikasema hakuna msiba, nasalimia tu. Nilirudi nyumbani ndoo imemwagika nusu, nikajiuliza: halafu? Halafu hakuna. Walinisalimia, wakaendelea kusengenya.

Nikaenda kwenye lile duka la njia panda. Mwenye duka wa zamani alishakufa, sasa yupo mwanawe. Nikasimama katikati ya mlango, si pembeni. "Naomba chumvi." Alinipa. Kwa yule kijana ilikuwa ni chumvi tu. Mimi nilitoka pale nataka kukupigia simu nikwambie, halafu nikakumbuka kwamba nimekukasirikia.

Jumuiya, ile sala yetu ya majirani, ndiyo iliyokuwa ngumu. Mwenyekiti wetu alizoea kupitisha kitabu cha masomo mbele yangu bila kunitazama, kama mtu anayepita kwenye nyumba isiyo na watu. Siku moja nilinyoosha mkono nikakipokea. Nikasoma mistari ya mwanzo vizuri. Halafu nikainua macho, nikakutana na macho yao, na herufi zikaanza kutembea kama siafu. Nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Dada, lile ndilo jambo nililoliogopa maisha yangu yote, kunyamaza katikati huku watu wananitazama, na sasa lilikuwa limetokea. Nikangoja nife. Sikufa. Jogoo aliwika nje. Mtoto wa mtu akapiga chafya. Mama Deo akasema, "Enderea tu, mama, tunakusikiriza," kwa kile Kiswahili chake cha l na r zilizobadilishana, na sijui kwa nini maneno yale yalinifungua koo. Nikatoa pumzi, nikaitafuta mistari, nikamaliza. Baada ya sala hakuna aliyelitaja. Walikuwa wanazungumzia bei ya maharage.

Usiku ule nililala kama mtu aliyelima siku nzima. Sikuwa nimepona, nisikudanganye. Wiki iliyofuata nilikataa kusoma. Wiki iliyofuata tena nikasoma. Ndivyo ilivyokwenda, mbele na nyuma, na kila nikishindwa nakumbuka ndama wako, naumia kwamba hata ndama ni wako.

Nikamwambia Editha, "Nitasema mwenyewe." Akaacha alichokuwa anafanya. Aliona aibu, niliiona. "Mama, una hakika?" Nikasema ninayo. Akasema sawa, atamwambia emsii. Nadhani hakumwambia. Nadhani aliogopa kwa ajili yangu, akaona bora anyamaze tu, siku ipite. Simlaumu, huo woga ameunyonya kwangu.

Siku ya sendofu ulifika na lile gauni la kitenge cha kijani, kilemba kimesimama, wanawake wa kwetu wote wakakukimbilia. Nilikuwa jikoni. Hukuja kunisalimia kwanza, ulizungushwa kwa wageni. Niliposikia kicheko chako kutoka turubaini nilimwaga chumvi kwenye mchuzi mpaka mpishi akaninyang'anya mwiko.

Kisha nikaenda nyuma ya migomba kutafuta hewa, na nikakukuta.

Ulikuwa umeinama, mkono mmoja kwenye mgomba, kilemba umekishika usidondoke. Ulikuwa umetapika. Uliponiona ulijifuta mdomo haraka, kama ulivyokuwa unafanya tukiiba sukari. Nikakuuliza, "Unaumwa?"

Ukasema, "Imenijia tena, Vene. Huwa inakuja kila mara, kabla sijasimama. Hata redioni. Usimwambie mtu."

Kwa miaka yote nilidhani ulitupa woga wako njiani, ukaniachia mimi wangu. Kumbe ulikuwa unao. Ulikuwa unasafiri nao kwenye pikipiki, unakaa nao kule studio. Ulinishika mkono, mkono wako ulikuwa wa baridi na majimaji, mkono uleule wa nyuma ya vyoo vya shule. Nikakwambia, "Toa pumzi iwe ndefu kuliko uliyovuta."

Ukanikodolea macho. "Nani kakufundisha hiyo?"

"Nimeisikia redioni."

Ukacheka na machozi yakakutoka, ukaniegemea. Ungedhani wivu wangu uliishia pale. Mimi pia nilidhani. Lakini emsii alipokuita, ulijinyoosha, ukapaka mdomo rangi, ukatembea kwenda turubaini kama mke wa waziri, na nikajikuta naona wivu upya, safari hii naonea wivu hata woga wako, jinsi unavyojua kuukunja na kuuweka kando mpaka umalize kazi. Wangu haukunjiki.

Ulisema vizuri sana. Uliwachekesha wakwe mpaka mzee wao akapigapiga meza. Uliposema, "Leo nasimama kama mama," vigelegele vikapanda, na mimi kwenye kiti changu cha mbele, na ua kifuani lililoandikwa "Mama Mzazi", nikajiona kama kiti.

Emsii akasema, "Mama mzazi amewakilishwa vyema kabisa, sasa tunaelekea kwenye keki."

Nikasimama.

Sikumbuki kuamua. Miguu ilisimama, na mimi nikawa juu yake. Baba Editha akanishika kitenge, halafu akaachia. Emsii akatazama karatasi yake, akanitazama mimi, akatazama karatasi. Nilitembea mpaka ulipokuwa umesimama, nikanyoosha mkono nichukue maiki. Na wewe, dada yangu, hukuiachia. Uliishika. Tukawa tumeishika wote wawili, na ukaniuliza, "Vene, una hakika utaweza?"

Maiki ilikuwa imewashwa. Spika zote zikasema: una hakika utaweza? Turubai zima lilisikia, wakwe walisikia, wapishi walisikia kule jikoni. Watu wakacheka, kicheko cha huruma, kile nilichokula maisha yangu yote.

Najua hukukusudia. Lakini nataka ujue kilichotokea ndani yangu. Moyo ulikimbia, mikono ikaanza, yote yale, kama kawaida. Ila chini ya yote kulikuwa na jambo jipya, na lilikuwa hasira, au wivu, au vyote viwili, na likanishika kiunoni likanisimamisha. Nikasema kwenye ile maiki, "Nipe."

Ukanipa.

Nilinyamaza kwanza. Niliruhusu kimya kiwepo, kwa kuwa kile nilishakutana nacho kwenye jumuiya na hakikunila. Karatasi sikuwa nayo. Nilimtafuta Editha tu, nikamwona pale kwenye kiti chake cha maua, amejiziba mdomo kwa viganja.

Nikasema, "Editha, mwanangu. Mama yako si msemaji. Mnaonijua mnajua. Ulipozaliwa, muuguzi alitaka kukuweka mikononi mwangu, akaiona inatetemeka, akaniuliza kama akushike yeye. Nikakataa. Nimekushika kwa mikono hii, ndivyo ilivyo, hata sasa mnaiona. Imetetemeka siku zote. Na sikukuangusha."

Nikatoa pumzi ndefu, maana sauti ilikuwa inapanda vibaya.

"Huko unakokwenda hawakujui. Usiwaambie wewe ni mwoga, hawana haja ya kujua mapema. Ukiogopa, ogopa, lakini mkono wako uendelee na kazi. Nenda salama. Sina maneno mengine."

Nikarudisha maiki kwa emsii. Hakukuwa na vigelegele. Nikadhani nimeharibu, nikaanza kutafuta njia ya kwenda kwenye mibuni. Halafu mama mkwe wa mwanangu, yule mama mnene asiyecheka, akainuka akaja amefungua mikono, na Editha akaacha kiti chake akaja anakimbia na viatu vyake virefu, na ndipo turubai likalipuka.

Nilikutafuta wewe kwa macho. Hukuwa unapiga vigelegele. Ulikuwa umesimama pembeni ya spika, umetabasamu, na lile tabasamu nalijua, Odilia, nimelivaa miaka mingi. Mashavu yalikuwa yanakuuma. Uliniona nimekuona, ukageuka ukaanza kupanga glasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Jioni, wakati gari lenu limewashwa, uliniita dirishani. Ukasema, "Mimi niliwachekesha tu. Wewe umewaliza." Ukapandisha kioo kabla sijajibu. Sikulala usiku ule kwa furaha, na furaha yenyewe nusu ilikuwa ya Editha na nusu ilikuwa ya kioo kile.

Sasa umerudi kwako na mimi niko huku. Nakukumbuka. Nikienda bombani nasalimia kwa sauti, siku nyingine sisalimii. Moyo bado unakimbia. Siku hizi ukianza nauambia, haya, kimbia, mimi naendelea kuchambua maharage. Akili yangu inarudi kwenye njia yake ya zamani karibu kila siku, na kila siku nairudisha, na wakati mwingine nachoka, naiacha ilale huko. Nakuonea wivu bado. Jana nilikusikia redioni tena na nikaona umeongeza utani mpya. Ulikuwa mzuri. Niliuchukia.

Ninalo ombi moja. Ukisimulia tena habari ya ile ngonjera, sema "tulikimbia". Siombi unitaje jina. Nataka tu uweke hiyo "tu".

Na kuna jambo la mwisho ambalo sijamwambia mtu isipokuwa Baba Editha. Wanawake wa kigango cha pili, ng'ambo ya bonde, waliokuwepo kwenye sendofu, wamekuja kuniomba niende nikazungumze na akina mama wao kuhusu woga. Mimi. Niliwaambia nitafikiri, wakaondoka, nikawakimbilia njiani nikawaambia nimekubali. Tangu hapo sijala vizuri. Huenda nitanyamaza katikati. Huenda na mimi nitatapika migombani kama wewe, na sitakuwa na mtu wa kunishika mkono.

Najua ukisoma hapa utaanza kutafuta gari la kuja huku. Utasema mdogo wangu asiwe peke yake. Dada, nakupenda, na nyumba yangu ni yako siku zote. Lakini siku ile usije. Wale akina mama wengine hawakuwepo kwenye sendofu, hawajui kwamba nina dada anayeongea vizuri kuliko mimi, na nataka nimalize hotuba yangu kabla hawajajua.

Wasalimie watoto na shemeji.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Veneranda, mama yake Editha